Nilikwenda Kumwona, Nikaona Mgongo

Observatory, Johannesburg
Agosti 2017

Kaka yangu Severini,

Shikamoo. Naanza na goti lako, maana najua ukiulizwa habari za afya utajibu "njema" hata ukiwa umelala chali. Linakunjika sasa? Ule mkongojo uliousema vibaya mbele ya daktari, unautumia, au umekuwa wa kutundikia koti? Na maharage ya mwaka huu huko Mgeta yametoka vipi? Nimesikia ukungu ulikaa sana mpaka watu wakaanika mbegu jikoni. Mimi ni mzima. Baridi ya huku ilikuwa ya kupasua midomo, sasa imeanza kuachia, na upepo wa Agosti umeingia na vumbi lake. Nyasi za mji mzima zimekuwa za njano. Nilikohoa kidogo nikapona bila kwenda hospitali, na nyumba bado imesimama, ingawa bati la upande wa jikoni linapiga kelele upepo ukija.

Siku ile uliponipigia simu ulikata kabla sijajibu, ukasema neno la ndoa halijibiwi hewani, liandikwe na litiwe mkononi. Basi nimetii. Barua hii nampa mama mmoja wa Morogoro mjini aliyekuja huku kuchukua mablanketi ya kuuza. Anarudi na basi wiki hii, na ameniahidi ataitafutia mtu wa kupanda nayo Mgeta.

Nakukumbusha jambo lenyewe lilivyo, ili usije ukasema dada yako ameanza kuchanganya mambo. Posa ya Thuli ilipokuja, baba zake wadogo walikaa Soweto, wakawahoji watu wa kijana, wakaridhika. Kwao Wazulu hapo mambo yamekwisha. Lakini mimi nimewaambia kwamba mama wa mtoto ni Mluguru, na mtoto wa Mluguru ana mjomba, na bila neno la mjomba hakuna ndoa. Walitazamana. Mkubwa wao aliniuliza huyo mjomba anayeishi mlimani Tanzania atamjuaje kijana wa Johannesburg. Nikamwambia atamjua kwa macho yangu. Kwa heshima ya marehemu mume wangu wakakubali kusubiri, na mpaka leo wanasubiri.

Wewe kwenye simu ulisema Mkongo hapana. Ukasema pia kwamba mwanamume mzima ambaye kazi yake ni kusimama kando ya kilima akiangalia watu wakiteleza, huyo ni hapana zaidi. Halafu ukalegeza kidogo, ukaniagiza niende nikamwone kazini bila kumwarifu, kwa kuwa ukweni kila mwanamume ana adabu. Nikishamwona nikuandikie, nawe utatoa neno la mwisho.

Na Thuli? Hajanisumbua hata siku moja. Aliniambia mara moja tu, kwa Kiingereza chake, kwamba mjomba akikataa atatii, ila hataolewa na mtu mwingine. Kisha akaenda kuosha vyombo. Ungekuwa unamjua ungeelewa kwamba hakikuwa kitisho. Mtoto huyu akiwa darasa la kwanza alikataa kula samaki, na sasa ni mwalimu wa chekechea mwenye miaka ishirini na sita na bado hajala samaki.

Kijana mwenyewe, Tresor, nilikuwa nimemwona kwenye picha ya simu tu. Ni mtu wa Lubumbashi. Karibu mwaka mzima amekuwa akimleta Thuli mpaka langoni na kuondoka. Siku ya posa watu wake waliingia ndani, yeye akabaki garini, vioo vimefungwa. Nilimuuliza Thuli kwa nini mchumba wake haingii, akasema hata yeye hajui, amemuuliza akaambiwa tu kwamba siku yake itafika. Jibu hilo sikulipenda, na nililiweka akibani.

Jumamosi, basi, wifi yangu Nomsa, dada yake marehemu, alitoka Soweto na gari lake akaja kunichukua. Nomsa ni mjane kama mimi ila yeye umjane umemnenepesha. Anaendesha kwa mkono mmoja, na kila tukisimama kwenye robot, taa za barabarani, alikuwa akigeuka kunieleza ule mchezo. Alisema huko Ulaya kwenye theluji watu huingia ndani ya kigari kama jeneza lisilo na kifuniko, wakateremka mlimani kwenye mfereji wa barafu kwa kasi ya kuua, na taifa zima likakaa mbele ya televisheni kuwashangilia. Huku barafu hakuna, kwa hiyo pale upande wa kaskazini mwa jiji, katikati ya nyumba za matajiri zenye kuta ndefu, mtu amejenga mfereji wa chuma kutoka juu ya kilima mpaka chini, ukipinda huku na huko. Unakaa ndani ya kigari, miguu mbele, na katikati ya magoti una mkono wa chuma. Ukiusukuma unakwenda, ukiuvuta unapunguza mwendo. Ukifika chini, kigari kinanaswa na waya na kukupandisha tena kilimani ukiwa umekaa vilevile, ukitazama ulikotoka.

Ndiyo yote. Hawaendi popote, Kaka. Wanateremka, wanapandishwa, wanateremka tena, na watu wazima wenye ndevu wanasimama foleni juani kwa ajili hiyo. Nilikumbuka tulivyokuwa tukikalia magome ya migomba na kuteleza kule nyuma ya kanisa mvua ikinyesha, wewe mbele, mimi nimekushika shati, na mama akitungoja chini na fimbo. Sikumweleza Nomsa. Angetaka kujua gome la mgomba ni nini.

Mimi sikupanda. Nilikwenda kutazama, na nilikaa pale wanapokaa watazamaji, kwenye benchi kando ya uzio, karibu na kona kubwa ya mwisho. Wenzangu walikuwa ni akina mama wenye mikoba ya watoto na babu mmoja aliyelala na kofia usoni. Na pale konani, ng'ambo ya uzio, alikuwa amesimama kijana mwenye kizibao cha kung'aa na kibendera mkononi. Nilimtambua kwa masikio yake. Yamejitokeza, kwenye picha yalinichekesha.

Aliinua macho akaniona. Alinitazama kwa kitambo kidogo tu, nikaona kwamba amenijua, maana Thuli ameniweka kwenye simu yake na bila shaka amemwonyesha. Kisha akageuka, akanipa mgongo.

Nilidhani anatazama kigari. Kigari kikapita, kikaja kingine, kikapita, na mgongo ukabaki palepale. Nikahama benchi, nikaenda upande wa pili wa kona nione uso. Naye akazunguka taratibu na kibendera chake, kana kwamba kazi ndiyo inayomtaka azunguke, mpaka mgongo ukawa kwangu tena. Nikarudi nilikokuwa. Akarudi alikokuwa. Nomsa, ambaye alikuwa ameshika pakiti ya chipsi, aliacha kutafuna.

"Eish, Leo," akasema, maana jina langu zima humshinda. "Huyu mtoto anakukwepa."

"Anafanya kazi," nikamjibu.

"Anafanya kazi ya kukukwepa."

Kwa kuwa uso nilinyimwa, nilitazama kazi. Uliniagiza nitazame kazi, kwa hiyo nakupa nilichoona. Vigari vinaachwa juu kwa kupishana, lakini watu hawafanani. Mwoga anavuta breki katikati ya kona na kusimama kabisa, na nyuma yake anakuja mtu asiyejua breki ni nini. Hapo ndipo Tresor anapohitajika. Anamhimiza aliyesimama asogee, huku anampungia bendera anayekuja apunguze. Alikuja msichana mdogo akasimama konani, amekamata chuma kwa mikono miwili, analia. Tresor alimsimamisha aliyekuwa nyuma, kisha akapiga magoti kando ya mfereji na kuzungumza naye, sikusikia nini, mpaka mtoto akacheka kwa kamasi na kuusukuma mkono wa chuma mwenyewe. Angeweza kumsukuma tu. Jambo hilo lilinipendeza, nikajikaza lisinipendeze.

Nomsa aliposhindwa kuvumilia alikwenda kupanga foleni. Nilimsikia kabla sijamwona. Aliteremka na gauni limejaa upepo, anapiga mayowe, na alipofika konani akainua mkono mmoja kutoka kwenye breki, jambo ambalo wamekatazwa, akapaza sauti: "Sawubona, mkhwenyana!" Maana yake ni kumwamkia mkwe. Kwa Nomsa ndoa ilikwisha siku ile Soweto, na mambo ya mjomba ni mapambo. Tresor aliinamisha kichwa, akashika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akamwamkia kwa heshima zote, uso kwa uso. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nomsa akapita akitoweka chini.

Hapo, Kaka, ndipo moyo wangu ulipochemka. Shangazi anapewa uso na heshima, mama mzazi anapewa mgongo. Nilijiuliza nimemkosea nini mtoto wa watu. Nilijiuliza kama Thuli amemwambia kitu juu yangu. Nilikaa pale, kanga yangu mabegani, na upepo unazidi.

Upepo ndio ulioharibu mambo. Nilijiinua kidogo kumtafuta Nomsa kwa macho, kanga ikanitoka mabegani, ikapaa juu ya uzio na kuangukia ndani ya mfereji, juu kidogo ya kona. Na kigari kilikuwa kinakuja, ndani yake mama amempakata mtoto. Tresor alitupa bendera, akaruka ndani ya mfereji, akaizoa kanga na kutoka upande wa pili, na wakati huohuo yule mama alivuta breki kwa nguvu zake zote, chuma kikalia, kigari kikasimama palepale kijana alipokuwa amekanyaga. Hakuna aliyeumia. Mtoto aliuliza kama wanaweza kurudia.

Filimbi ikapigwa. Msimamizi, Mzungu mwenye kofia pana na miguu myekundu, alikuja mbio kutoka juu. Ni marufuku mfanyakazi kuingia mferejini wakati kigari kinateremka, na marufuku hiyo ina maana, hata mimi naielewa. Alimgombeza mbele ya watu wote, kwa sauti ya kutosha kumwamsha yule babu. Alimwambia akirudia asirudi tena kazini. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye uzio nikisubiri kijana aninyooshee kidole, aseme kanga ni ya yule mama pale, maana ndivyo ilivyokuwa, na mtu yeyote angesema. Yeye alisema "Sorry, boss," akakunja kanga.

Halafu alifanya kitu ambacho sijawahi kukiona. Ilimbidi anirudishie kanga, na mimi nilikuwa juu kidogo yake, kwenye mteremko. Alipanda kinyumenyume. Hatua kwa hatua, mgongo mbele, kisigino kikitafuta majani, kanga ameishika nyuma kiunoni kwa mikono yote miwili. Alipogusa uzio aliitundika kwenye waya bila kugeuka, akaachia, akateremka kwenda kwenye bendera yake. Watoto waliokuwa pale walianza kutembea kinyumenyume kumwigiza, na mama zao wakawa wanaficha vicheko. Nilichukua kanga yangu. Ilikuwa imechanika pindo kwenye ukingo wa chuma. Sijaaibika hivyo tangu nifike nchi hii, na nimefika siku nyingi.

Nomsa aliporudi na kusimuliwa, hakucheka. Alinirudisha nyumbani akiendesha kwa mikono yote miwili.

Jumapili baada ya misa nilikaa nikakuandikia barua nyingine, si hii. Ilikuwa fupi. Ilisema nimekwenda, nimedharauliwa mchana kweupe, toa neno lako la hapana. Na nitakwambia ukweli kwa kuwa wewe ni ndugu yangu: nilipokuwa naandika nilikuwa na furaha. Furaha mbaya, lakini furaha. Kwa sababu tangu siku ya posa nimekuwa naogopa, na sikuwa na sababu ya kumnyima mtu mtoto isipokuwa woga wangu. Huyu kijana ana karatasi za ukimbizi ambazo kila mara lazima asimame foleni kuziongezea muda. Siku watakapomkatalia, atarudi kwao, na mke atamfuata mumewe. Najua inavyokuwa, maana mimi ndiye niliyepanda gari na Mzulu wangu kutoka Morogoro nikiwa na begi moja. Thuli akienda Lubumbashi nitabaki na nyumba ya vyumba vitatu, bati linalopiga kelele, na Nomsa siku za Jumamosi. Sasa kijana amenipa mgongo, akaninunulia sababu. Niliifunga ile barua nikaiweka juu ya kabati.

Jumatatu nikapeleka kanga kushonwa pindo. Huku bondeni Troyeville kuna fundi wangu wa cherehani, anaitwa Mado, mwanamke wa Lubumbashi, mnene, mcheshi, ndiye aliyenishonea kitenge cha msiba wa marehemu. Aliuliza pindo limechanikaje. Nilikuwa sijapanga kumwambia, lakini nilimwambia yote, na hasira ikapanda upya. Nilipofika pale kijana anapanda kinyumenyume, Mado aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Alipanda nyuma-nyuma?" akauliza. "Mulima?"

"Mlima, nakwambia. Kama mtu anayekimbia ndui."

Mado akapiga makofi mawili, akawaita wenzake wa chumba cha pili. "Mukuye musikie! Eko kijana mu hii Joburg anashikaka buko!" Wakaja, akawasimulia upya, wakashangaa kwa sauti, na mmoja, mama mzee kidogo, alifuta macho. Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki sielewi.

"Mama Thuli," akasema Mado, "weye uliwaza anakuzarau? Hapana, mama. Ile njo buko, heshima ya mukwe. Kwetu ku Baluba, mwanaume haangaliaka mama ya bibi yake ku macho. Haisemi naye, haikule mbele yake. Akimuona mu njia, anageuka, ama anaingia mu majani. Batu ba leo banaachaka, banasema ni mambo ya zamani. Banapigana selfie na mama ya bibi. Huyu balimulea muzuri sana, kweli."

Nikamuuliza, hata kama hajaoa?

"Kama posa ilitoka, buko ilishaanza. Weye ulishakuwa mama-mukwe wake. Weye njo ulikuwa haujue."

Kaka, sijui kama unakumbuka, wewe ulikuwa mkubwa kidogo. Bibi mzaa mama, baba yetu alipokuwa akipita uani, alikuwa akijifunika kanga usoni na kutazama ukutani. Sisi tulicheka, tukadhani ni uzee. Mama alitukaripia, akasema bibi ana heshima na mkwewe, basi. Na sisi tumekua, tumeliacha, tumelisahau, na mimi nimekwenda kumkasirikia mtoto wa Lubumbashi kwa kushika kitu ambacho bibi yangu alikishika. Kiswahili ni kimoja, mimi na yeye, lakini nilihitaji fundi cherehani anitafsirie mgongo.

Nikamuuliza Mado la pili. Je, ni hivi maisha yote? Mkwe wangu hatakaa jikoni kwangu hata nikiwa mzee wa kushikwa mkono?

"Kuna kufungua," akasema Mado, akirudisha mguu kwenye cherehani. "Bakubwa banakutana. Mama na mukwe banakula mu sahani moya, imekwisha, anakuwa mwana wako. Lakini haiko weye unafungua. Ni kaka yako. Kaka ya mama njo mwenye buko."

Kwa hiyo nimefanya ulichoniagiza. Nimekwenda bila kumwarifu, nimemwona kazini, na adabu niliyoikuta pale huwezi kuiigiza mbele ya Mzungu anayekufokea. Kuhusu kazi yake, ulisema ni kuangalia watu wakiteleza. Ndivyo ilivyo. Nimeona watu wakiteleza, na nimeona kwamba anayewaangalia asipokuwepo wataumizana. Kuhusu Mkongo, sina la kukujibu isipokuwa hili: huku mtaani, mambo yakichafuka, mimi na yeye tunaitwa jina moja, na jina lenyewe si zuri. Mwaka ule wa vurugu za kufukuza wageni nilifunga lango na kukaa gizani, mimi mke wa mtu wa nchi hii. Yeye naye alikuwa amefunga lake mahali fulani. Woga wangu juu ya Lubumbashi upo palepale, haukutoka na pindo la kanga. Ila si kosa lake.

Ile barua fupi nimeichoma.

Nisalimie wifi Agata, mkeo, mwambie mbegu za kabichi alizoniagiza nimezipata, anazo huyu mama wa mablanketi. Nisalimie shangazi Konsolata wa kule juu kwenye viazi, na kama hasikii tena basi mpigie kelele jina langu, atacheka. Watoto wako wote, na mjukuu aliyezaliwa Pasaka ambaye bado hamjaniambia jina. Katekista mzee aliyenibatiza, kama yupo. Jirani yetu mfua chuma, yule aliyenitengenezea jembe dogo. Nomsa anakusalimu, anasema karibu Soweto. Thuli anakusalimu pia, na salamu zake nitakueleza zilivyokuja, maana nilitaka kuishia hapa na nimeona siwezi.

Jumatatu hiyohiyo jioni Thuli alirudi kutoka shule. Nilikuwa jikoni nakoroga uji wa mahindi. Bila shaka Tresor alikuwa amemwambia kuhusu kanga na kugombezwa, maana alisimama mlangoni na mkoba wake bado begani. Akaniuliza, "Mama, uliendaka kumuona?"

Aliuliza kwa Kiswahili. Unajua mtoto huyu tangu utoto anakisikia na kunijibu Kiingereza au Kizulu, na mimi nilishaacha kulalamika. Kilikuwa Kiswahili cha kwao yule kijana, si chetu, kimekaa ulimini mwake upandeupande. Sikumgeukia. Nilikuwa naogopa machozi yataingia kwenye sufuria.

Nikamwambia, "Mwambie mkwe wangu avae kofia kazini. Masikio yake yanaungua jua."

Nilisikia mkoba ukianguka. Nilipogeuka alikuwa ameketi sakafuni hapo mlangoni, amefunika uso, analia kwa sauti, mwalimu mzima. Nikazima jiko, nikaketi naye, na hapohapo akaniambia nikusalimie.

Basi umeshajua. Neno limetoka kinywani mwangu kabla halijatoka kinywani mwako, na neno mkwe likishasemwa huwezi kulirudisha tumboni. Nimekuvunjia haki yako ya ujomba, na nimeivunja nikiijua. Kasirika, Kaka, una haki, lakini kasirikia ndani ya basi, ukiwa unakuja. Ni njia ndefu, hasira itakuwa imekwisha kabla ya mpaka. Baba zake wadogo hawana uwezo wa hili, Nomsa hana, wala mimi sina. Njoo umgeuze mkwe wangu, nimwone uso, kabla hajanichukulia mtoto.

Dada yako,
Leokadia